Fundi wa Maji ya Kifuu



Kama uliwahi kukaa darasani ukafundishwa baiolojia, picha hii unaikumbuka. Mwalimu anachukua chaki, anaiburuta ubaoni kwa mkupuo mmoja, mstari unapinda huku na kule kama mpaka wa shamba uliopimwa na mtu mwenye usingizi. Anaufunga pale ulipoanzia. Ndani anachora kiduara, anaandika: kiini. Kisha anawageukia: "Huyu ni amiba. Ana seli moja tu. Hana umbo maalumu. Anatembea kwa miguu ya bandia. Ni katika viumbe duni kabisa." Mnanakili, mnafanya mtihani, mnasahau.

Leo nina ugomvi na neno moja katika maneno yale ya mwalimu. Mengine yote nayakubali. Seli moja, sawa. Hana umbo maalumu, haya, kwa sehemu. Ila hilo neno "duni" ndilo ninalotaka tuliweke mezani tulitazame vizuri. Na shahidi nitakayemwita ni amiba mwenyewe.

Jina lake la kitaalamu ni Naegleria gruberi. Usihangaike kulitamka; mimi mwenyewe nimelifanyia mazoezi. Yeye huishi kwenye udongo wenye unyevu, kwenye madimbwi, mabwawa na mito ya maji yasiyo na chumvi, karibu kila pembe ya dunia. Chakula chake ni bakteria. Urefu wake ni kama maikromita 15, na hesabu hiyo tuilete nyumbani: chukua rula ya mtoto wa shule, tazama nafasi ya milimita moja, kile kijistari kimoja mpaka kingine. Hapo unaweza kuwapanga amiba hawa zaidi ya 60, mmoja nyuma ya mwenzake.

Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Sasa, kama kwa sisimizi ni bahari, kwa huyu ambaye hata sisimizi kwake ni mlima, tutaiitaje? Lishike swali hilo. Tutakirudia kile kifuu.

Mwaka 1899 alikuwako Vienna, Austria, mtafiti aliyeitwa Franz Schardinger. Watu wa kemia ya chakula wanamjua kwa mambo mengine kabisa; mojawapo ni njia aliyoitoa mwaka 1902 ya kupambanua maziwa mabichi na yaliyokwisha kuchemshwa. Lakini miaka mitatu kabla ya habari ya maziwa, alikuwa ameandika kuhusu amiba mmoja wa ajabu. Alikuwa akimlea na kumtazama kwa hadubini, na akaona kitu ambacho mchoro wa ubaoni haukionyeshi. Amiba aliyekuwa akitambaa, akijivuta kama ute wa yai juu ya sahani, alibadilika. Akawa na umbo. Akaota mikia miwili. Akaogelea akaenda zake.

Mikia hiyo kitaalamu huitwa mijeledi, na jina linaifaa, kwa sababu hupiga maji kama mjeledi unavyopiga hewa. Tutaiita hivyo.

Hebu fikiri ungedhani nini kama ungekuwa wewe ndiye Schardinger. Bila shaka ungedhani maji yako yameingiwa na mgeni: hawa wanaotambaa ni aina moja, hawa wanaoogelea ni aina nyingine, nami nimechafua chombo changu. Ndivyo mtu mwangalifu anavyotakiwa kudhani kwanza. Iliyobaki ni kumtazama huyohuyo mmoja, bila kumwacha, mpaka ageuke mbele ya macho. Na anageuka.

Sasa tuhamie Marekani, mji wa Waltham, jimbo la Massachusetts, kwenye Chuo Kikuu cha Brandeis. Kuanzia miaka ya 1960, mwanasayansi Chandler Fulton na wenzake, kwanza akiwa Allan Dingle, walimfanya amiba huyu kuwa kazi ya maisha. Walichotafuta ni saa. Walitaka kujua mgeuko huu unachukua muda gani, hatua kwa hatua, na je, amiba milioni wakianzishwa pamoja watakwenda pamoja?

Jaribio lenyewe, ukilisikia, utalidharau. Unawalea amiba kwenye bakteria wengi, wanakula mpaka wananenepa. Kisha unawaosha. Unaondoa chakula chote, unawatia kwenye maji yenye chumvichumvi kidogo sana yasiyo na chochote cha kula, joto nyuzi 25, kama alfajiri kwetu pwani. Unatazama saa ukutani. Basi.

Dakika kumi za kwanza, hakuna kitu. Amiba wanatambaa kama kawaida yao. Dakika ishirini, bado wanatambaa, na mtu asiye na subira angeondoka akanywe chai. Nusu saa, wanatambaa. Lakini ndani ya seli, msikilizaji, kuna shughuli kama uwanja wa nyumba ya harusi usiku wa kuamkia siku yenyewe. Jeni ambazo zilikuwa zimefungwa zimefunguliwa na zinasomwa. Maagizo yananakiliwa. Vifaa vinatengenezwa.

Inapokaribia saa nzima, amiba anaacha kutambaa. Anajikusanya, anakuwa mviringo kama punje ya mtama. Muda mfupi baadaye, dakika 60 hivi tangu aoshwe, vinachomoza vijiti viwili upande mmoja wa mwili. Vinarefuka. Vinaanza kupiga. Mwanzoni anajizungushazungusha hapo hapo kama mtoto anayejifunza kuendesha baiskeli. Kisha mwili unanyooka, unakuwa mwembamba, na ikitimia saa moja na nusu au zaidi kidogo, yule asiye na umbo maalumu ana umbo ambalo ungeweza kulikata kwenye karatasi kwa mkasi. Anakwenda kwa kasi, akijiviringisha ndani ya maji.

Na la kushangaza zaidi: hawafanyi hivyo mmoja mmoja kwa kubahatisha. Karibu wote waliomo chomboni hugeuka, na mijeledi yao huchomoza ndani ya muda mfupi sana wa kupishana. Ni kama umeadhini, na watu wa mtaa mzima wakatoka milangoni kwa pamoja.

Sasa nikupeleke ndani, maana hapo ndipo kesi yetu ya neno "duni" inapoanza kusikilizwa.

Amiba anapotambaa, anatumia protini iitwayo aktini. Aktini hujiunga ikawa nyuzi, nyuzi zikajengeka upande wa mbele, zikausukuma utando wa seli utokeze; ndio ule mguu wa bandia wa mwalimu. Nyuzi zikibomoka nyuma na kujengeka mbele, amiba anasonga. Hiyo ni namna moja ya kwenda.

Mjeledi ni ujenzi mwingine kabisa. Umejengwa kwa protini iitwayo tubulini, ambayo hujipanga ikawa mirija midogo mno. Ukiukata mjeledi kama unavyokata muwa, ukatazama pale ulipokatwa kwa hadubini ya elektroni, utaona jozi tisa za mirija zimejipanga duara, na katikati mirija miwili. Tisa pembeni, miwili kati. Chini yake, pale mjeledi ulipojishika mwilini, kuna kitako, nacho kimejengwa kwa mafungu tisa ya mirija mitatumitatu. Bila kitako hicho, mjeledi hauna pa kuotea.

Sasa sikiliza vizuri. Amiba huyu anapotambaa, hana mijeledi. Hana kitako. Hana hata ile mirija ya tubulini ndani ya ute wa mwili wake. Seli zako na zangu huwa nayo karibu wakati wote. Ndiyo nguzo zao na ndiyo reli za kusafirishia mizigo. Yeye hana. Huijenga pale tu anapotaka kujigawa, tena ndani ya kiini, na kwa tubulini za aina nyingine, alizozitenga kwa kazi hiyo peke yake. Suala hilo la tubulini mbili Fulton alilitilia mkazo tangu miaka ya 1970, na mwaka 2022 Katrina Velle, Lillian Fritz-Laylin na wenzao walionyesha wazi kwamba mitambo ya kujigawa ya Naegleria imejengwa kwa tubulini zake za pekee.

Kwa hiyo saa moja kabla ya kuogelea, huyu bwana hana chombo, hana mbao, hana hata kiwanja cha kuundia chombo.

Utaniuliza: nani kasema? Huenda amevificha. Huenda vifaa vilikuwa vimekunjwa mahali fulani kama tanga lililowekwa darini, na yeye alichofanya ni kulitoa tu. Swali zuri, na ndilo walilojiuliza. Jibu walilipata kwa njia ambayo hata fundi wa mtaani ataielewa. Ukitaka kujua kama mtu ana tanga darini au atalishona, mnyime kitambaa. Zipo dawa zinazoizuia seli isinakili maagizo ya jeni. Zipo nyingine zinazoizuia isitengeneze protini mpya. Mpe amiba dawa hizo mapema, na mijeledi haitokei. Ungoje mpaka maagizo yameshanakiliwa na protini zimeshatengenezwa, ndipo umpe, na dawa ileile haimzuii tena. Mwaka 1974 kundi la Fulton likaongeza ushahidi mwingine: tubulini iliyomo ndani ya mijeledi ilikuwa imetengenezwa upya, wakati uleule wa kugeuka. Hakukuwa na tanga darini. Alishona.

Na kile kitako? Hapa wanasayansi walikuna vichwa zaidi. Katika seli zetu, kitu kama hicho kwa kawaida huzaliwa ubavuni mwa kingine kilichokuwepo, kama mgomba unavyochipua mwana pembeni. Mgomba hauoti pasipo mgomba. Lakini mwaka 1971 Fulton na Dingle walitangaza kwamba kwa amiba huyu anayetambaa walitafuta kitako cha zamani na hawakukiona. Kilionekana dakika chache tu kabla ya mijeledi kuchomoza. Mgomba umeota pasipo mama! Kazi iliyochapishwa mwaka 2016 ikaongeza utamu: cha kwanza ndicho huota pasipo mama, kisha cha pili huundwa kando ya kile cha kwanza, kwa njia iliyo sawa na ile ya seli zetu. Maana yake kiumbe mmoja, ndani ya saa moja, anatumia njia zote mbili.

Hapa nakumbuka mafundi wetu wa vyombo. Nenda Nungwi, kaskazini ya Unguja, au Matondoni kule kisiwani Lamu. Utamkuta fundi anaunda jahazi ufukweni na hana mchoro wa karatasi. Mkuku utalazwa vipi, mbao zipindwe kwa kiasi gani, mataruma yasimame mangapi, pamba ya kalafati ipigwe mpaka wapi, yote yamo kichwani. Ukilichoma jahazi lake moto, umemtia hasara, lakini hujamtoa katika ufundi. Mpe mbao ataunda jingine.

Amiba huyu kamzidi fundi wa Nungwi kwa jambo moja, na sisemi kwa kumdharau fundi. Amiba akishaunda chombo na kusafiri, anakivunja.

Ndiyo, anakivunja. Yule anayeogelea, kwa kadiri walivyomchunguza, hali na hajigawi. Yuko safarini tu. Hana mdomo wa kula bakteria njiani, wala hana faragha ya kuzaa. Baada ya muda, mara nyingi saa chache, mijeledi inatoweka, umbo linalegea, na amiba anarudi kutambaa, anatafuta bakteria, anakula, anajigawa. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Methali hiyo huwa tunaitumia kwa binadamu aliyezunguka dunia akarudi kwao. Sidhani kama aliyeitunga alimfikiria huyu, lakini inamkaa kama shati la kupimwa.

Na faida yake ni nini, kutumia saa nzima kujenga kitu cha kutumia saa chache? Fikiria maisha ya dimbwi. Jua limewaka wiki mbili, udongo una unyevu tu, bakteria wako hapo hapo kwenye chembe za udongo, kutambaa kunatosha. Mvua inanyesha. Ghafla maji yamejaa, chakula kimesambaa, na pale ulipokuwa unashika pameondoka. Kutambaa juu ya nini? Hapo anayeweza kuogelea anakwenda mbali kutafuta pengine. Na jua likirudi likakausha kila kitu, amiba huyuhuyu ana sura ya tatu: hujifungia ndani ya gamba gumu, akatulia humo, akingoja. Kwa hiyo mwalimu alipotuchorea picha moja ubaoni, alitupa kama picha ya pasipoti. Ya mtu yuleyule, ndiyo, lakini haikuambii anafanya kazi gani.

Mwaka 2010 ulichapishwa usomaji kamili wa jeni za Naegleria gruberi, kazi iliyoongozwa kutoka Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, na jina la kwanza katika orodha ya waandishi ni la huyohuyo Lillian Fritz-Laylin. Walihesabu jeni 15,727 za kutengenezea protini. Msikilizaji, wewe unayenisikiliza, uliyesoma, mwenye simu mfukoni na madeni ya mwisho wa mwezi, una kama 20,000. Tofauti ipo, lakini siyo ile uliyoitarajia baina ya bwana mkubwa na kiumbe duni.

Na katika jeni hizo mna zana zote za kutambaa, na zana zote za kuogelea, na nyingi zinafanana na za kwetu. Amiba huyu si babu yetu. Ni jamaa wa mbali mno, aliyeachana na ukoo wetu zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita. Ndiyo maana kufanana huko kuna uzito. Ukikutana na mtu wa nchi ya mbali, hamjawahi kuonana, na mkajikuta mnaimba wimbo uleule wa kubembelezea mtoto kwa maneno yaleyale, hutasema ni bahati. Utasema mababu zetu walikuwa nyumba moja. Vivyo hivyo wanasayansi wanaona kwamba yule wa kale kabisa, mzazi wa wanyama, mimea, kuvu na amiba, huenda alikwisha kujua kazi zote mbili: kutambaa na kuogelea.

Ukitaka kuamini, jitazame mwenyewe. Umejikata kidole leo unamenya muhogo? Muda huu chembe nyeupe za damu zinajivuta kuelekea kwenye kile kidonda, kwa aktini, zikitokeza miguu ya bandia, zimeze bakteria. Ukizitazama kwa hadubini utasema ni amiba. Na koo lako la pumzi limetandikwa vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyopiga mchana na usiku kusukuma makohozi na vumbi vitoke. Ukivikata kama muwa: jozi tisa pembeni, mirija miwili kati. Mbegu ya kiume iliyokufanya uwepo iliogelea kwa mkia wa ramani hiyohiyo.

Tofauti yetu na yeye ni mgawanyo wa kazi. Sisi tumegawana. Chembe ya damu inatambaa, mbegu ya kiume inaogelea, na kila moja imeshafungwa katika kazi yake. Mbegu ya kiume haiamki siku moja ikaamua kuwa chembe ya damu. Tumepata mwili mkubwa wenye macho na akili, nasi tukalipa kwa seli ambazo nyingi zikishachagua hazirudi. Yeye ana seli moja, na seli hiyo ni baharia, ni mkulima, ni fundi, na ni mlinzi ndani ya gamba. Mtu anayefanya kazi nne peke yake, tena zote kwa ustadi, mtaani kwetu hatumwiti duni.

Wala si yeye peke yake. Mwaka 2021 Thibaut Brunet, Nicole King na wenzao walitoa habari ya viumbe wengine wa seli moja, ambao ndio jamaa wa karibu zaidi wa sisi wanyama. Hao kwa kawaida ni waogeleaji wa mjeledi mmoja. Watafiti waliwabana katika nafasi nyembamba mno, nyembamba kuliko miili yao. Viumbe hao wakauondoa mjeledi wao, wakatokeza vimbe za kutambalia, wakajipenyeza watoke. Huyu wa kwetu, maji yakizidi, anaogelea. Wale, nafasi ikibana, wanatambaa. Njia ile ile, imepitwa kutoka ncha ya pili.

Najua kuna msikilizaji ambaye tangu nilipotaja jina Naegleria amekaa kwenye ukingo wa kiti, ananingoja. Ndiyo. Gruberi niliyemzungumzia hana madhara kwa binadamu. Lakini ana ndugu, Naegleria fowleri, ambaye ndiye magazeti humwita amiba mla ubongo. Jina la fowleri limetokana na daktari Malcolm Fowler wa Australia, ambaye pamoja na mwenzake Carter waliripoti mwaka 1965 wagonjwa wa kwanza kutambuliwa. Huyo anapenda maji ya vuguvugu. Anastahimili mpaka nyuzijoto 46. Maji yenye yeye yakipanda puani kwa nguvu, anaweza kufuata mshipa wa fahamu wa kunusa mpaka kwenye ubongo. Dalili za mwanzo, homa, kichwa kuuma, kutapika, shingo kukakamaa, zinafanana na za homa ya uti wa mgongo. Ni ugonjwa wa nadra sana, na ni mkali sana: Marekani, kuanzia mwaka 1962 hadi 2023, walijulikana wagonjwa 164 tu, na walionusurika ni 4.

Tuelewane hapa. Kuyanywa maji hayo hakuleti ugonjwa huu. Mtu hamwambukizi mtu. Njia ni pua. Na kwa sababu ni pua, jambo hili linatuhusu wengi kati yetu. Mjini Karachi, Pakistan, wamekufa watu ambao hawakuogelea popote. Inaaminika waliupata kwa kupandisha maji ya bomba puani wakati wa kutawadha, maji yasiyotiwa klorini ya kutosha. Sisemi mtu aache ibada yake, na sina elimu ya kusema hivyo. Nasema kuhusu maji. Wataalamu wa afya wanashauri maji yanayoingizwa puani, kwa udhu au kwa kusafisha mafua, yawe yaliyotibiwa vizuri kwa klorini, au yaliyochemshwa yakatokota dakika 1, na kwa wanaoishi juu ya mita 2,000 dakika 3, kisha yakaachwa yapoe. Kuni au gesi kidogo tu.

Na tazama mambo yanavyozunguka. Baadhi ya maabara zikimshuku amiba aliyetoka kwa mgonjwa, hufanya jaribio lililo mtoto wa ule uchunguzi wa Schardinger. Humtia kwenye maji matupu yaliyosafishwa, wakangoja saa moja au mbili. Akiota mijeledi akaogelea, wanajua ni jamii ya Naegleria, kwa kuwa amiba wengine wanaoweza kufika kwenye ubongo hawana ufundi huo. Kumbe kile kilichoonekana Vienna mwaka 1899, bila mtu kujua kitamfaa nani, leo kinamsaidia daktari kutambua amekutana na nani.

Sasa nirudi kwa mwalimu wetu na chaki yake. Simlaumu. Chaki haichori muda, na amiba huyu ni kiumbe wa muda. Ukimtazama dakika moja utaona doa, ukimtazama dakika 90 utaona fundi. Ningekuwa na uwezo ningemwomba tu akaufute mstari wa mwisho, ule wa "viumbe duni", na mahali pake aandike: "Mngojeni."

Na kile kifuu nilichokuahidi. Nyuma ya jiko lako huenda kipo kimoja, kilitupwa baada ya nazi kukunwa, kimelalia mgongo, na kina udongo kidogo ndani. Mvua ikinyesha usiku huu kitajaa. Asubuhi utakikuta, na utataka kukimwaga kwa sababu ya mbu, nawe utakuwa umefanya vyema kabisa, kimwage. Ila ujue tu kwamba maji yale yalipoingia, huenda kuna aliyekuwa amejishikilia kwenye chembe ya udongo, akaona bahari imemjia, na wewe ukiwa bado umelala, akaanza kuunda chombo.